Antivenomu (dawa ya sumu ya nyoka) kwa mfugaji binafsi: friji ya nyumbani, ghala la pamoja, au makubaliano na hospitali?

Sanduku_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafuga nyoka, bafe wawili (Bitis arietans), huu ni mwaka wa sita. Sasa kuna mwenzetu anaacha ufugaji na ananipa fira wa Asia, Naja kaouthia, yule mwenye alama ya duara kisogoni. Nyoka mzuri, anakula vizuri. Nimemwomba anisubiri, kwa sababu dawa ninayoitegemea kwa bafe ni ile ya polivalenti (ya sumu za nyoka kadhaa) kutoka Afrika Kusini, na nikisoma karatasi yake ya maelezo sumu ya kaouthia haimo kabisa. Zimo kumi: bafe, kifutu wa Gaboni, rinkhals (jamaa wa fira), nyoka wa jamii ya koboko (mamba) aina tatu na fira wa Afrika aina nne. Basi.

Ninavyoona njia ni tatu. Ya kwanza, niagize kwa kibali na nihifadhi mwenyewe. Ya pili, niingie kwenye ghala la pamoja la wafugaji. Ya tatu, nielewane na hospitali iiweke kwenye famasi yao, mimi nilipie. Waliokwisha kupita kote huko naomba mnieleze faida na hasara, na hasa yale ambayo mtu hayajui mpaka yamkute. Nyoka haji kwangu kabla hili halijakaa sawa.

Chupa_Kumi

Mkuu, umeanza vizuri kwa kusoma karatasi. Wengi hununua nyoka mwezi huu na karatasi wanaisoma mwakani.

Mimi nilikuwa na akiba yangu nyumbani miaka minne, kwa kibali halali. Faida yake ni moja: unajua iko wapi. Hasara nilizijua taratibu. Dawa ya maji inataka nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda hata mara moja. Friji yangu ilikuwa ya kawaida, ile yenye ukuta wa nyuma unaotoa jasho. Siku moja nafungua boksi, chupa mbili za nyuma zina sindano za barafu ndani, nyeupe, zimesimama kama manyoya. Za mbele zilikuwa maji tu. Zote nilizihesabu zimekufa, kwa sababu sikuwa na kipimajoto kinachoandika kumbukumbu, na nisingeweza kusema kwa hakika zile za mbele hazikuganda usiku zikayeyuka mchana. Uchungu wake nausikia hadi leo, maana zile chupa zingeweza kuwa mahali ambapo mtu anazihitaji.

La pili ni idadi. Mtu anasema "ninayo dawa", ukimuuliza chupa ngapi, anakwambia mbili. Mbili hazifiki popote. Bafe aking'ata kisawasawa, madaktari huanza na chupa tano hivi. Kwa koboko huanzia kumi na kwenda juu. Kwa huyo kaouthia wako, dawa ya monovalenti (ya nyoka wa aina moja tu) ya Taasisi ya Malkia Saovabha, Bangkok, nayo huanzia kumi. Usipojiandaa kwa dozi ya kuanzia pamoja na ya kurudia, bado hujajiandaa.

Ya Bangkok ina nafuu moja: ni ya unga uliokaushwa. Inavumilia zaidi misukosuko ya safari kuliko ya maji, na muda wake wa kutumika ni mrefu kidogo. Ila unga unataka kuyeyushwa polepole, unaizungusha chupa mkononi, huitikisi, na hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa akiwa na mgonjwa mbele yake. Usiingie kwenye hesabu ukidhani utaifanya mwenyewe.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni daktari wa dharura, nyoka sifugi, ila nimewahudumia walioumwa. Naomba nianzie pale alipoishia Chupa_Kumi, kwa sababu hapo ndipo watu hufa.

Antivenomu ni protini za farasi au kondoo. Inaingia kwa dripu, kwenye kitanda chenye oksijeni, adrenalini ikiwa tayari imevutwa kwenye sindano. Mwili unaweza kuikataa ndani ya dakika: midomo inavimba, kifua kinabana, presha inashuka. Mtu mzima tunampa adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja na tunaendelea kupambana. Nyumbani, peke yako, na sumu ya fira imeanza kukulegeza kope, huwezi. Nawasihi kabisa, mtu asijichome. Hata ukitoka salama, wiki moja au mbili baadaye unaweza kupata homa, viungo kuuma na upele. Ni ugonjwa wa seramu, na unatibika ukirudi hospitali mapema.

Sasa jambo ambalo mfugaji halijui mpaka limkute. Usiku mmoja alikuja kijana ameumwa kidole, kaka yake kabeba boksi la baridi lenye chupa sita. Nilizitoa, nikainua moja kwenye taa. Maji yake hayakuwa angavu, yalikuwa na ukungu, na chini kulikuwa na nyuzinyuzi. Nikauliza: imetunzwa wapi? Friji ya nyumbani. Kumbukumbu za joto? Hakuna. Karatasi za uagizaji? Hakuna. Mkubwa wangu wa zamu akakataa isitumike, na alikuwa na haki. Kijana tulimweka kwenye mashine ya kupumulia, tukasubiri dawa ya hospitali nyingine ifike. Alipona, lakini kaka yake alikaa sakafuni nje ya mlango usiku kucha na lile boksi mapajani, akidhani ameleta uhai wa mdogo wake.

Kwa hiyo, Sanduku_Mbili, mimi kura yangu ni njia ya tatu. Dawa iliyoko kwenye famasi ya hospitali, iliyoagizwa kwa jina la hospitali, hakuna atakayeitilia shaka saa nane za usiku. Na wewe kazi yako iwe kufika ukiwa hai.

Binti_Ghala

Shikamoo daktari, na asante. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naomba nilitetee ghala la pamoja, kwa sababu mimi ndiye natunza kumbukumbu za ghala letu.

Hospitali nyingi hazitaki kuweka dawa ya nyoka wa bara jingine. Mfamasia anauliza, na ana haki ya kuuliza: nitatumiaje bajeti na nafasi ya friji kwa nyoka mmoja aliye kwa mtu mmoja? Ndipo wafugaji wanapoungana. Ujerumani, kwa mfano, wafugaji wana chama chenye ghala lao la seramu, na wanachama huchangia. Sisi wenyewe tuliiga wazo hilo. Kila mwanachama anaandikisha nyoka wake kwa jina la kisayansi na asili yake, na mchango wake unapangwa kulingana na nyoka alionao. Mwenye bafe tu halipi sawa na mwenye mamba. Dawa inakaa kwenye friji ya dawa yenye kengele na kipimajoto kinachoandika, chini ya mfamasia mwenye leseni, na anayeitoa ni zamu ya watu wawili. Hawampi mwanachama mkononi. Wanaongea na daktari aliyempokea mgonjwa, na dawa inakwenda hospitali.

Udhaifu wa ghala ni umbali. Sisi tulimwambia kila mwanachama aendeshe njia hiyo mara moja usiku na mara moja saa za foleni, na aandike muda halisi. Wawili walikuta safari inachukua muda wa saa tano. Mmoja aliuza koboko wake wiki ileile, na nilimheshimu kwa hilo.

Udhaifu wa pili ni uaminifu. Kuna waliokuwa wanasajili nyoka wawili wakiwa nao saba. Ghala linahesabu dozi kwa orodha, ukidanganya orodha umemwibia mwenzako dawa.

Magamba_Mabichi

Wakubwa, samahani, mimi mgeni. Kuna mtu wa kati alinitafuta, anasema anazo chupa za polivalenti, zimebakiza miezi tisa kuisha muda, bei nzuri, hataki karatasi. Nimeona mnajadili vibali na vyama, mambo marefu. Kuna ubaya gani nikianza na hizo huku nikitafuta njia rasmi?

Chupa_Kumi

Mdogo wangu, jiulize zimetoka wapi. Dawa hii haina ziada duniani. Kampuni ya Sanofi Pasteur ilisimamisha kutengeneza FAV-Afrique, dawa ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, na toleo la mwisho likapitwa na muda mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi ni wakulima na watoto, watu waliomkanyaga nyoka wasiyemjua. Sisi nyoka tumemchagua. Chupa isiyo na karatasi mara nyingi imetoka kwenye kabati la zahanati, na pengo lake litagunduliwa siku mtoto atakapoletwa mgongoni mwa mama yake.

Halafu hujui ni dawa ya nini. Neno "polivalenti" maana yake ni sumu nyingi, si sumu zote. Ya India imetengenezwa kwa nyoka wanne: fira wa India, kraiti wa kawaida, kifutu wa Russell na kifutu mdogo aitwaye Echis carinatus. Ghana na Chad, dawa ya Asia ilipochukua nafasi ya dawa iliyowafaa Echis wa huko, vifo viliongezeka. Jina kwenye lebo lilikuwa Echis, na nyoka aliyeuma alikuwa Echis. Nchi tu ndiyo ilikuwa tofauti.

Magamba_Mabichi

Nimeelewa kaka. Nimemjibu kwamba sichukui. Nina Atheris mmoja (kifutu wa mitini), nilipewa kama zawadi. Sasa yeye nimtafutie ipi?

Binti_Ghala

Atheris hana antivenomu yake maalum. Popote utakapotafuta, haipo. Anapouma, hospitali inakuhudumia kwa damu, mashine na uangalizi, na hapo unategemea ukubwa wa bahati yako. Ndiyo maana ghala letu halisajili Atheris wala Thelotornis, yule mwembamba kama kijiti wa matawini. Tunamwambia mtu wazi kwamba hatuna la kumwahidi.

Usione ni nyoka mdogo. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa jumba la makumbusho la Chicago, aling'atwa na boomslang (nyoka wa mitini wa Afrika) mchanga mwaka 1957. Aliona jeraha ni dogo, akakaa akiandika dalili zake daftarini, na kesho yake alikufa. Robert Mertens wa Ujerumani aliumwa na Thelotornis wake mwenyewe mwaka 1975, akateseka siku 18 kabla ya kufa. Hawa walijua kuliko sisi sote hapa. Boomslang angalau ana dawa yake pekee, ya monovalenti. Thelotornis mpaka leo hana.

Ushauri wangu kwako, mtafutie huyo Atheris taasisi yenye wataalamu. Nitakuandikia faragha jinsi ya kuanza mazungumzo nao.

Mlinzi_wa_Zuu

Neno fupi kuhusu njia ya nne ambayo watu huitegemea bila kuisema: "zuu (bustani ya wanyama) wanayo, watanipa". Mimi nafanya kazi zuu. Marekani dawa za nje ambazo hazijasajiliwa, zuu huziingiza kwa kibali maalum cha utafiti, na kuna orodha ya pamoja inayotumiwa na vituo vya sumu kujua zuu ipi ina nini. Mfumo huo umeokoa watu wa nje. Lakini akiba ile imehesabiwa kwa ajili ya wafanyakazi wetu. Siku tukikupa kumi, kesho yake sehemu ya fira tunaifunga, hakuna anayefungua mlango mpaka nyingine zije, na inaweza kuchukua miezi. Tutakupa, hatutamwacha mtu afe. Ila usiweke jina letu kwenye mpango wako bila kutuuliza.

Zamu_ya_Usiku

Niongeze moja. Waingizeni kwenye mpango na watoto wenu. Dozi ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima, kwa sababu sumu iliyoingia ni ileile ila mwili ni mdogo. Nimeona mipango iliyopunguza chupa "kwa kuwa ni mtoto".

Sanduku_Mbili

Wakuu, asanteni kwa moyo. Nimekaa na haya wiki tatu, narudi na majibu.

Nilikwenda hospitali ya karibu yenye mashine za kupumulia, nikaomba kumwona mfamasia mkuu badala ya kuanzia mapokezi. Nilibeba orodha ya nyoka wangu, kibali, na karatasi za dawa zote mbili. Alinisikiliza saa nzima. Ya bafe amekubali: wataagiza kwa jina lao, mimi nalipia na nalipia tena inapokaribia kuisha muda, na ikihitajika kwa mgonjwa yeyote wa nje inatumika bila kuniuliza. Sharti hilo la mwisho nililiweka mimi. Ya kaouthia amekataa kuiweka, ila amekubali kuipokea kutoka ghala la kina Binti_Ghala iwapo mfamasia wa ghala atampigia. Nimejiunga. Nimeendesha njia ile usiku: safari ilichukua muda wa saa moja na dakika arobaini. Mchana wa foleni, muda wa karibu saa tatu. Kwa fira, Daktari, saa tatu zinanitia wasiwasi, hata kama hospitali ina mashine.

Kwenye kila sanduku nimebandika kadi: jina la kisayansi, asili, dawa inayofaa, iko wapi, simu ya nani. Mke wangu ameisoma kwa sauti, akaniuliza maneno mawili asiyoyaelewa, nimeyaandika upya.

Mwenye fira nimemwambia aendelee kusubiri mpaka ghala lithibitishe kwamba kumi za kuanzia na za kurudia zimefika kweli. Sanduku lake ninalo tayari, limefungwa kwa kufuli, ndani hamna kitu.

Zamu_ya_Usiku

Saa tatu na mimi zinanitia wasiwasi. Muulize mfamasia wa ghala kama dawa inaweza kuanza safari mara tu unapopiga simu, isisubiri mpaka ufike kitandani. Hapo mnakutana hospitali.

Binti_Ghala

Inawezekana. Naliweka kwenye kikao cha Jumamosi.