Matangazo ya sinema za kutisha sehemu wanazopita watoto: binti yangu halali, tupeane uzoefu

MamaTabata
Wakuu habari za usiku. Naandika saa saba hii kwa sababu binti yangu wa miaka mitano ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, na taa sizimi.

Jumamosi ya juzi tulikwenda kununua viatu vya shule kwenye jengo moja la maduka hapa Dar. Juu kuna ukumbi wa sinema. Chini, hatua kama nne kutoka kwenye vigari vya watoto, wamesimamisha sanamu la kadibodi refu kunishinda: mwanamke wa shela jeupe, mdomo umeshonwa kwa uzi, na machoni wamebandika karatasi ya kung'aa, kwa hiyo ukitembea macho yanakufuata. Binti alidhani bibi harusi. Akanichomoka mkononi, akakimbilia kumshika gauni. Alipoinua uso akauona ule mdomo, hakulia. Alikojoa palepale amesimama, kimya, viatu vipya mguuni.

Mlinzi akaniambia, "Dada, wengi wanalia hapo, lakini ndiyo tangazo." Tangu siku hiyo usiku ananipapasa midomo gizani ahakikishe haijashonwa.

Sipingi sinema za kutisha. Mtu mzima anunue tiketi, aingie, atishwe kwa hela yake. Ninachokataa ni kumvizia mtoto aliyekuja kununua viatu. Yamewakuta na nyie? Mlifanyaje?

MzeeWaMikoani
Pole sana dada. Hiyo ya kupapasa midomo imenichoma.

Mama_Wawili
Umenikumbusha basi. Dar kwenda Mwanza, Desemba, nina watoto wawili. Hatujafika Chalinze konda kachomeka flashi. Kabla ya filamu yenyewe yakaanza matangazo ya zijazo, moja baada ya jingine, shoka, damu, mtu anatambaa darini, na skrini iko juu ya vichwa vyetu. Nikamwomba abadilishe, akasema abiria wa nyuma wanataka. Nikawafunika watoto kanga mpaka Dodoma, na joto lile. Ukumbini utatoka. Kwenye basi utashukia wapi?

Jembe_la_Kale
Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai. Sisi tumekua na mazimwi, majini, na popobawa juu, na tupo wazima.

MwalimuWaChekechea
@Jembe_la_Kale shikamoo mzee wangu, lakini hapo sikubaliani na wewe. Zimwi bibi alikusimulia umelala mapajani mwake. Ukiogopa unamshika, anapunguza sauti. Na lile zimwi lina mwisho: linapasuliwa kidole, watu wote waliomezwa wanatoka, mnacheka, mnalala. Bango halina mwisho. Limemgandisha mtoto kwenye ile sehemu mbaya kuliko zote halafu likamwacha hapo. Ninao darasani wa miaka minne, mitano. Ukimwambia "ile ni picha tu" anaitikia, na bado haendi chooni peke yake.

Jembe_la_Kale
Marahaba. Kwa hiyo wenye sinema wasitangaze? Kuna vijana wanakula hapo.

MwalimuWaChekechea
Watangaze. Chini waandike jina, saa na bei. Hilo lisura walipeleke juu mlangoni kwao, atakayelifuata kalitaka mwenyewe.

MtotoWaNgamiani
Jamani, leo niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mwaka 2005, Tanga, nina miaka tisa. Kona ya mtaa wetu kulikuwa na kibanda umiza, cha kuonyeshea video. Ndiyo enzi zile filamu za majini zimeshika kila mtaa. Mwenye kibanda alimtafuta fundi wa kuchora, akamchorea kwenye mbao ya dari mwanamke mzuri, nywele mpaka kiunoni, ameshika waridi, na chini ya baibui kwato. Kwato za punda, zimechorwa vizuri mpaka manyoya unayaona. Ikifika magharibi anageuza spika nje, ukisikia kile kicheko, watu wanaanza kujaa.

Mama akanituma mafuta ya taa. Mdogo wangu wa kike wa miaka minne akanililia, nikamshika mkono tukaenda. Kwenda tulipita upande wa pili wa barabara, macho chini. Kurudi, tumefika usawa wa kona, umeme ukakatika. Spika ikanyamaza katikati ya kicheko. Ndani watu wakapiga yowe, lile la kawaida tu la umeme kukatika. Mimi nikajua ametoka kwenye mbao.

Nikakimbia. Chupa ikapasukia mtaroni, kovu la kiganja ninalo mpaka sasa. Nimefika mlangoni, mama ananiuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Ndipo nikaangalia mkono wangu nikauona mtupu.

Baba alimkuta amekaa chini ya ile mbao, mgongo umeiegemea, amefumba macho. Alikuwa amefumba kwa nguvu mpaka baba alipombeba hakufumbua. Hakusema neno siku nne. Babu akaita shehe, akasomewa. Siku ya tano aliomba uji. Lakini mimi hakunisogelea mwezi mzima, na mpaka leo, ana watoto wake, tukitembea pamoja huwa hanipi mkono. Hatujawahi kulizungumzia.

Yule mwenye kibanda hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta riziki. Ila ile njia ya kwenda dukani ilikuwa yetu sote.

Mama_Wawili
Nimelia. Kaka, mpigie simu dada yako usiku huu huu.

FundiSimu
Siku nne hajasema? Hapo hapakuwa na picha tupu. Kuna kitu kilimpitia.

NeemaTele
@FundiSimu usitie watu hofu. Mtoto alishtuka. Ingekuwa maombi angefunguka siku hiyohiyo.

FundiSimu
Dada, kasomewa, siku ya tano kaomba uji. Unataka ushahidi gani?

NeemaTele
Angeomba uji hata asiposomewa. Nina wanangu, nawajua watoto.

MzeeWaMikoani
Mambo ya dini yana jukwaa lake. Kaka wa Ngamiani, dada yako anajua kwamba ulirudi na baba kumtafuta?

MtotoWaNgamiani
Sikurudi. Nilijificha uvunguni.

MzeeWaMikoani
Ulikuwa na miaka tisa, mwanangu. Mpigie.

MkaaNairobi
Wadau, huku Kenya Sheria ya Filamu, Sura ya 222, inaipa bodi ya filamu kazi ya kuchunguza filamu na mabango yake pia. Filamu hupewa alama: GE ni ya wote, PG mzazi awe karibu, kisha 16 na 18. Kwa hivyo bango la filamu ya 18 kando ya bembea mtu anaweza kulilalamikia. Nyinyi bodi yenu inasemaje?

MwalimuWaChekechea
Bodi ya Filamu tunayo, na sheria ipo tangu 1976. Lakini mzazi wa kawaida akikutana na sanamu kama hilo anamlalamikia mlinzi, na mlinzi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote pale.

ShangaziUghaibuni
Msisahau simu. Mwaka 2018 kulikuwa na tangazo la filamu ya mtawa YouTube: kimya, unaona alama ya sauti inapunguzwa, ghafla lisura linachomoka na ukelele. Watu walilalamika, YouTube wakaliondoa kwa kukiuka sera yao ya vitu vya kushtua. Malalamiko yanasaidia jamani.

Jembe_la_Kale
MamaTabata, mrudishe mchana alishike. Aone nyuma ni boksi na mfuko wa mchanga. Ataliteka mwenyewe.

Mama_Wawili
Usimrudishe! Wangu nilijaribu hivyo na kinyago cha dukani, ikawa mara mbili.

NeemaTele
Zaburi 91 kila usiku, mkisoma pamoja.

FundiSimu
Na Ayatul Kursiy. Hapo tunaelewana dada.

MwalimuWaChekechea
Mpe karatasi na rangi amchore, halafu umwachie mkasi akate ule uzi wa mdomo. Wangu wengine wanaupaka rangi ya midomo. Usimwambie haogopi. Mwambie na wewe lilikutisha.

MamaTabata
Asanteni nyote. Mwalimu, tumechora. Uzi kaukata wote, akauliza sasa anaweza kula? Nikamwambia anaweza. Akamchorea chapati.

Leo nimekwenda kwa uongozi wa jengo, tulikuwa kina mama watatu. Wamesema nafasi imelipiwa mpaka mwisho wa mwezi, hawawezi kuliondoa, ila wameligeuza liangalie ukuta. Nilivyomwambia binti nikidhani atafurahi, ameniuliza linaangalia nini huko.

MzeeWaMikoani
Kesho rudini saba. Lipande juu.

MtotoWaNgamiani
Nimepiga. Simu yake ilikuwa imezimwa, saa nane hii. Nitampigia asubuhi.