Watoto wa Barabara ya 12, Ngamiani

Katibu: Assalamu alaykum. Hitma ya mwenzetu ni Jumapili baada ya Alasiri, na waliojibu mpaka sasa ni wawili, ilhali naona ujumbe wa jana mmeusoma nyote. Naomba kila mmoja ataje atakachotoa.

Fundi Cherehani: Waalaykum salaam. Andika mchele kilo kumi. Jana nilipita uwanja wa Mkwakwani nikamkumbuka mwaka ule wa 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi, naye akanyoa kipara ili kutimiza nadhiri yake, wembe ukaondoka na nyusi moja.

Baba Pacha: Sisi wa African Sports ndio tuliomshauri anyoe na ya pili, ilingane.

Katibu: Ndugu zangu, nimeuliza habari ya michango.

Dada wa Kona: Nitatoa elfu hamsini, lakini leo nitasema. Kila msiba wa mtaa huu, yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea maiti, suruali ameikunja mpaka magotini. Alipofiwa na mama yake, tuliokaa matangani hadi mwisho tulikuwa watatu tu, na hawa wanaocheka nyusi walituma salamu.

Fundi Cherehani: Dada, mwaka ule mimi nilikuwa safarini, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Dada wa Kona: Safari ya Pangani.

Katibu: Hayo tuyaweke kando. Mbuzi nimeshamtolea arbuni.

Shemeji wa Muscat: Poleni nyote, nimetoka kazini sasa hivi. Nitatuma changu nikishapokea mshahara.

Maalim: Nimesoma yote. Nyinyi na yeye niliwafundisha alifu kwenye jamvi moja, na juzi ni mimi niliyemwosha. Ameacha deni la laki mbili na arobaini kwa muuza mbao, alizozichukua kuezekea nyumba ya mama yake, na huyo mwenye mbao amekuja kwangu kwa heshima, bila kelele. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, sembuse pilau yenu. Hitma husomwa hata kwa tende na kahawa.

Dada wa Kona: Shikamoo Maalim. Elfu hamsini yangu iende kwenye deni.

Katibu: Marahaba kwa niaba yake, na tumesikia, Maalim. Ila muuza mbuzi harudishi arbuni.

Baba Pacha: Basi mbuzi naye aje asikilize hitma.

Shemeji wa Muscat: Changu nikiandike cha mbao au cha mchele?

Katibu: Subiri kwanza. Mjane yuko eda, kwa hiyo usiku nitazungumza na kaka yake, nijue kama ndugu wameshalipa chochote. Wengine ishirini bado hamjasema neno. Na mwenye sufuria kubwa aseme ipo au haipo.