Tupeane uzoefu: mnaofanya grafiki Unguja na Pemba, Mac, Windows au Linux?

Mwenye mada, Darajani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Vijana wanaoanza kazi hii wananijia na suali moja, wanunue Mac au Windows. Mimi huwauliza kwanza kazi zao zitachapwa wapi. Nafanya kadi za harusi, mabango na fulana, na karibu wote ninaowapelekea kuchapa wanatumia CorelDRAW, programu ya kuchorea, kwenye Windows. Wanataka faili la CDR, yaani lile lenyewe la CorelDRAW, ili jina la bwana harusi likikosewa wasahihishe hapo hapo, wapange nakala kwenye karatasi kubwa, kazi iende. CorelDRAW ilianza 1989 kwenye Windows. Kwa Mac waliiacha baada ya toleo la 11, wakairudisha 2019. Muda wote huo mafundi wetu wamesomea Windows, na mimi nipo huko kwa sababu wao wapo huko.

Wenzangu, elezeni na kazi yenyewe. Jina la mashine peke yake halimsaidii mtu.

Bi Pindo, Kikwajuni
Waalaykum salaam. Mie nachora kanga, natumia MacBook ya chipu ya M1. Pindo linazunguka pande zote nne, na penye pembe maua lazima yakutane. Nikikuza pale pembeni nataka kuona kila jani limeungana na mwenzake, maana kosa la uzi mmoja kwenye kioo litajirudia kwenye kila doti. Mji nao una mpangilio wake, na jina lazima likae katikati ya nafasi yake. Kila rangi naiweka leya yake, yaani tabaka lake, kwa sababu kwenye kuchapa kila rangi inapita peke yake.

Illustrator, programu ya Adobe ninayochorea, ni ile ile, Mac au Windows. Kilichonipeleka Mac ni kioo na betri. Lakini wadogo zangu, kioo hicho kinaonesha rangi pana kuliko wino. Nyekundu inayowaka pale haitatoka hivyo kwenye kitambaa, basi daima ombeni kipande cha majaribio kabla hamjaruhusu mzigo wote.

Na jengine: mashine hizi za chipu za M, memori haiongezwi baadaye. Unayonunua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo mpaka utakapoiuza. Afadhali mashine ya zamani kidogo yenye memori kubwa kuliko mpya yenye memori ndogo.

Fundi wa 3D, Fumba
Kwangu hapakuwa na mjadala. Nachora nyumba na mahoteli, na ofisi za wasanifu ninazofanya nazo kazi zinatuma faili za Revit na 3ds Max, programu za kuchorea majengo na picha za 3D. Zote mbili hazina toleo la Mac, na hizi Mac mpya haziwekewi tena Windows kwa Boot Camp, njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, kama zile za chipu ya Intel. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya NVIDIA.

Tabu yake ni umeme. Aliyekuwepo Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010 anajua miezi mitatu ya giza ilivyokuwa. Siku hizi si hivyo, lakini dakika moja tu inatosha kupoteza picha ambayo kompyuta ilikuwa inaipika, yaani inaitengeneza, tangu usiku. Ukinunua ya mezani, hesabu na UPS, ile betri ya akiba, ndani ya bei, wala usiiweke kando ukasema utainunua mwezi ujao.

Mwalimu, Wete
Ami Darajani, shikamoo. Mimi ni Linux. Laptopu yangu haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, kwa hivyo Windows 11 haiikubali, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado nzima, siwezi kuitupa. Nachora chati za skuli na majalada ya vitabu vidogo kwa Inkscape na Krita, kisha napanga kurasa kwa Scribus, ambayo inanitolea PDF ya CMYK, yaani ya rangi nne za wino wa kuchapa. Silipi kitu kwa mwezi. Adobe haipo Linux, na CDR ukiifungua kwa Inkscape mara nyingine inatoka imevurugika, basi natuma PDF na herufi zote nimezigeuza mistari. Mchapaji wangu wa Chake Chake hajawahi kuirudisha.

Kijana, Mkoani
Asanteni. Mimi kulipia Adobe kila mwezi siwezi, na za kukraki sizitaki. Nifanyeje?

Bi Pindo
Mwanangu, kuna Affinity, programu ya kuchorea na kupanga kurasa. Tangu Oktoba 2025 ni ya bure, kwa Windows na Mac, Linux haipo. Jaribu hiyo kabla hujatoa pesa.

Mwenye mada
Marahaba Mwalimu. Kijana, kabla hujanunua, chukua faili lako zito kuliko yote uende nalo kwa mwenye mashine unayoitaka, ulifungue mbele yake, kisha ulipeleke kwa mchapaji wako aone kama linamfungukia. Na flashi ipangwe kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu iliyopangwa kwa NTFS Mac inaisoma lakini haiandiki kitu ndani yake.

Wa video na wanaochorea kwenye iPad bado hatujawasikia. Karibuni.