Vyuo vya Marekani sasa vinalipa wanamichezo, wakimbiaji wetu wanaachwa solemba

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Naandika kwa hasira, na asije mtu kuniambia nipunguze munkari.

Kwa ambao hawafuatilii: tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, na kuanzia Julai mwaka huohuo chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sipingi walipwe. Vyuo vimevuna fedha za televisheni miaka nenda rudi, huku vijana wanaovunjika magoti wakiambiwa wanacheza kwa ridhaa. Kinachoniuma ni nani analipwa, na nani anakatwa ili huyo alipwe.

Mgawo uliofuatwa na vyuo vingi vikubwa ni huu: kama robo tatu inakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani, asilimia 15 hivi kikapu cha wanaume, asilimia 5 kikapu cha wanawake, na michezo mingine yote inagombania makombo. Riadha iko huko. Na hata hayo makombo Mkenya au Mtanzania hayagusi, kwa sababu yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na vyuo vingi vinaogopa kumlipa asije akahesabiwa anafanya kazi kinyume cha sheria. Viza hiyohiyo inamruhusu kuosha vyombo kwenye kantini ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kuosha vyombo ruksa, kulipwa kwa ushindi aliokiletea chuo hapana!

Na hawa hawakwenda kujaza namba. Suleiman Nyambui wetu alikuwa anasoma Texas El Paso alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Edward Cheserek alibeba mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Doris Lemngole wa Alabama alikuwa bingwa wa mbio za nyika 2024, na wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji 2024 na 2025. Vyuo vinajisifia kwa majina haya kila siku.

Sasa njia yenyewe inazibwa. Chuo kilichojiunga na mpango huu wa malipo kinabanwa idadi ya wachezaji: mbio za nyika mwisho 17, futiboli 105. Chuo cha Washington State, alikosoma mkimbiaji Mkenya Henry Rono, Juni 2025 ilifuta kabisa mashindano ya kuruka na kurusha. Mbio ndefu zimebaki, sawa, lakini hao warushaji waliosajiliwa kwa ahadi waende wapi?

Mpwa wangu yalimkuta. Chuo sikitaji. Kocha alimwita ofisini, akamwambia nafasi zimejaa, atafute pengine. Kijana anasoma uhandisi, mwaka wa tatu. Akapata chuo kingine, ila karatasi ya tathmini ya masomo iliporudi, fizikia zote mbili na hesabu ya tatu hazikupokelewa, eti mitaala haifanani. Karudishwa mwaka wa pili. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi waliobakishwa.

Huku mchezaji mwenye jina anahama apendavyo. Tangu Aprili 2024 hakuna kikomo cha kuhama, ilimradi masomo yake yako sawa. Nico Iamaleava, mchezaji wa futiboli, aliondoka chuo cha Tennessee Aprili 2025 katikati ya mvutano wa malipo, akatua UCLA, chuo cha Los Angeles. Na UCLA yenyewe siku hizi inatoka Los Angeles mpaka New Jersey kucheza mechi ya ligi, kwa sababu ya fedha za televisheni. NCAA inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, ila saa za safari haizihesabu. Mtoto anafungua kitabu saa ngapi?

Wala wasitudanganye kwamba kabla ya malipo elimu ilikuwa salama. Chuo cha North Carolina kilikutwa na madarasa hewa yaliyodumu miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo, karibu nusu wanamichezo. Walikuwa hawalipi na elimu walikuwa hawatoi.

Mwenye mtoto au mdogo wake anayefuatwa na mawakala, huko Arusha, Iten, popote, kabla hajasaini dai majibu kwa maandishi: ufadhili ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize? Akiumia, au timu ikipunguzwa, ada inaendelea? Masomo yake yatapokelewa chuo gani akihamishwa? Wakala akianza kuzunguka, mlete jina lake hapa tumjadili.