Steringi Asiyependeka: Kwa Nini Tunamfuata Hadi Mwisho?

Mtoa mada, Mtwara:

Ndugu wachangiaji, juzi katika banda la video la huku mtaani kwetu, mzee mmoja alisimama filamu ikiwa katikati, akadai kwamba kuwaonesha vijana steringi mwenye roho mbaya ni kuwafunda ubaya. Kwa adabu zote, mimi nampinga.

Filamu yenyewe ni There Will Be Blood ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Paul Thomas Anderson, ambamo Daniel Day-Lewis anaigiza mchimba mafuta wa Marekani aitwaye Daniel Plainview. Hakika si mtu wa kupendeka, kwani anakiri mwenyewe kuwachukia watu walio wengi, anazunguka na mtoto wa kulea ili wenye ardhi wamwone ana familia, na mtoto huyo anapopoteza usikivu kwa mlipuko wa gesi kisimani, anamtelekeza ndani ya treni. Hata hivyo, kabla ya yote hayo tumekwisha kumwona mwaka 1898, yuko peke yake shimoni, anaanguka, anavunjika mguu, kisha anajikokota kwa mgongo jangwani ili akapimishe madini yake. Sehemu hiyo ya mwanzo haina mazungumzo, na mtafsiri wetu, ambaye kwa kawaida huongea kuliko waigizaji wenyewe, alikosa cha kutafsiri. Banda zima lilinyamaza. Ukishaliona jasho la mtu kwa karibu namna ile, hulazimiki kumpenda ili utake kujua litamfikisha wapi.

Kisha Plainview akafika kijijini akiahidi shule, barabara na mkate, watu bandani wakacheka, na katika mkoa ambao mwaka 2013 ulikumbwa na ghasia za bomba la gesi, wananchi wakipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam, sidhani kama kicheko kile kinahitaji maelezo. Steringi mwema asingetufundisha kuisikiliza ahadi kwa sikio lile.

Mchangiaji, Lindi:

Kaka, umeeleza vizuri, lakini hoja ya mzee umeikwepa. Wewe ni mtu mzima, unacheka kwa sababu unajua; kijana wa miaka 15 anaona mali tu. Huku kwetu amekwisha kumwona mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa, akijenga nyumba ya bati la rangi, na sasa filamu inampa mtu wa aina hiyo sura nzuri na sauti nzito. Wala usiniletee Sungura wa hadithi, maana yeye alidanganya kwa kuwa ni mdogo mbele ya Simba. Huyu wako anawadanganya wanyonge.

Mtoa mada, Mtwara:

Kuhusu Sungura umenishinda, na kuhusu umri nakubali kwamba mwenye banda awazuie watoto mlangoni. Ila mali hiyo haikuoneshwa kama tunda tamu, kwa kuwa mwishoni tunamkuta tajiri huyo amelewa ndani ya jumba lake, akimtukana kijana aliyemlea, ambaye amekuja kumuaga ili akaanzishe kampuni yake Meksiko. Yule mzee alikwisha kuketi tena kitambo. Tulipotoka nje aliniuliza kama kijana yule alifika huko salama, nami sikuwa na jibu, kwa sababu filamu haisemi.