Tupeane uzoefu: mipira na vipumulio vilivyokuvujishia gari

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya kazi, nabeba mchele kutoka Ifakara. Mwaka jana, ndani ya miezi minne, nilibadilisha sili (mpira wa duara unaozuia oili) ya eksoli ya nyuma upande wa kulia mara mbili. Wiki tatu hazipiti, tairi linalowa oili kwa ndani, brekishuu zimeloa, nikikanyaga breki gari inavuta kushoto. Fundi wa kwanza alisema sili ni feki. Wa pili akasema beringi imekufa. Nilinunua vyote. Wa tatu, mzee mmoja wa Morogoro, hakushika hata spana. Aliingia uvunguni, akapapasa juu ya eksoli, akatoka na kidude kama kofia ya uyoga kimejaa udongo mkavu. "Difu yako haipumui," akaniambia.

Difu, yaani boksi la gia lililo kwenye eksoli ya nyuma, ikifanya kazi oili inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Njia yake ya kutokea ni kile kidude, ndicho kipumulio. Ikizibwa inasukuma, na pa kwanza kushindwa ni kwenye mdomo wa sili. Kidude kilioshwa kwa petroli, nikafunga sili ya tatu, na hadi leo tairi ni kavu. Hela iliniuma, lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nateremka milima na mzigo, vijana wawili wamekaa juu yake, breki zinashika upande mmoja.

Nani mwingine yamemkuta, iwe difu, giaboksi au injini?

Mdau wa Kimara
Mkuu, yangu haikutoa oili, ilinywa maji. Nilitoka Kimara difu imechemka, nikaingia maji ya Jangwani yamepita nusu ya tairi. Chuma cha moto kikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kofia ya kipumulio ilishang'oka siku nyingi, tundu liko wazi. Baada ya wiki mbili difu ikaanza kulia. Tulipofungua nati ya chini ilitoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Sasa nimeunga mpira hadi juu karibu na kifuniko cha mafuta, mdomo wake unatazama chini. Uwe na ulegevu, maana eksoli inapanda na kushuka. Mpira wangu wa kwanza ulikuwa mfupi, ulichomoka kwenye tuta.

Mama Noah
Kwangu ilikuwa injini. Oili ilitoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kisha sili ya krenki, kila kona. Nikaambiwa injini ishuke. Kaka yangu akaomba kwanza aangalie vavu ndogo ya hewa na mpira wake, ule unaorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Vavu ile ukiitikisa inatakiwa igonge ndani. Yangu ilikuwa kimya, imegandiana na masizi. Tuliweka mpya na mpira mpya, tukabadilisha gasketi, na ile sili ikaacha kuvuja yenyewe. Ila tusidanganyane: kama vavu ni nzima na ukifungua kifuniko cha oili moshi unatoka kwa nguvu, hapo injini inapumua kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Mpira hautakuokoa.

Pwani Mombasa
Mimi nilikuta maji kwenye zulia upande wa abiria. Nikadhani ni hita. Kumbe maji yangu ya rejeta yana rangi na utamu fulani wa harufu, na haya yalikuwa safi kabisa. Ni mpira wa kumwagia maji ya eisi (kiyoyozi) uliziba. Makanika akaupuliza kwa upepo wa kompresa, dakika tano.

Boda wa Mbezi
Pikipiki ilizima kila baada ya kilomita chache. Nikifungua kifuniko cha tangi inavuta pumzi "fsss", halafu inawaka. Tundu la kifuniko lilikuwa limeziba, petroli haishuki.

Mleta mada
Nashukuru wakuu. Jioni hii nimeingia uvunguni tena. Kipumulio cha giaboksi nacho nimekikuta kimefunikwa na ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Nimekikwangua kwa waya hadi kikazunguka. Mdau wa Kimara, au yeyote aliyeunga mpira kwenye giaboksi: umeupitisha wapi? Kwangu bomba la ekzosi liko jirani sana.