Keki ya jutti za Kipunjabi, fondanti inatoka jasho Lamu

UmmuKeki_Shela:
Asalam aleikum, nisaidieni jamani. Kuna bibi harusi huku kwetu, upande wa mamake ni Wapunjabi, anataka keki ya usiku wa hina na juu yake pea ya jutti, vile viatu vya ngozi vya bapa vilotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, ncha imepinda juu. Jana nimejaribu kimoja nikakiacha dirishani, asubuhi ncha imelala na fondanti (ile sukari ya kukanda ya kufinyangia mapambo) inanata kwa jasho 😢 alafu kulia na kushoto nakatia vipi? Huyu mtoto nimemuona akikua, nataka itoke vizuri kabisa.

Bi_Langoni:
Waaleikum salaam mwanangu. Kulia na kushoto usijisumbue, jutti za asili zinashonwa sawa zote mbili, ukizivaa ndo zinafuata mguu wako. Kata kiolezo kimoja tu. Na uanze na wayo kama fundi wa makubadhi, ukikauka ndo upandishe ubavu.

tamu_malindi:
Shoga hiyo ni hewa ya bahari, sukari inavuta maji. Kanda unga wa CMC, ule wa kukazia fondanti, ndani, kijiko kimoja cha chai kwa robo kilo, funga dirisha uwashe feni, na uanze siku tatu kabla, ncha uilaze juu ya tishu uloviringa mpaka isimame yenyewe. Friji usiitie kabisa!! ukitoa tu inalowa. Nyuzi chora kwa royal aisingi, ile ya sukari laini na ute wa yai inayokauka ngumu, nozeli namba 1, mistari myembamba imebanana, ikikauka upake unga wa dhahabu wa kuliwa. Wengi wanauchanganya na vodka, mi naweka matone ya ndimu, inachelewa kukauka lakini roho imetulia. Na hiyo fondanti soma pakiti, jelatini iwe halali.

UmmuKeki_Shela:
Mungu awabariki, hiyo ya jelatini sikuifikiria hata. Ila mi niko Shela na ukumbi uko Lamu mjini, keki inapanda boti.

Bi_Langoni:
Basi viatu vibebe mbali kwenye boksi na pamba, uvibandike juu ya keki ukishafika. Boti ikipiga wimbi moja ncha zote zimekwenda.

UmmuKeki_Shela:
Sawa bibi. Kiolezo nishakata, sentimita 12, nyayo nazikata leo baada ya isha. Kesho naweka picha muniambie kama ncha imepinda sawa.